Mwanamke wa Stesheni Ndogo

Mpiga picha alikuwa mtu wa kujisikia. Baba mkwe wake, fundi wa reli aliyestaafu, alikuwa amejaza meza nzima reli ndogo za kuchezea, na sasa alitaka garimoshi lake jekundu lipigwe picha lionekane la kweli.

Kilichomkera mpiga picha ni kisanamu cha mwanamke mwenye gauni la kijani pale stesheni. Kilikuwa kirefu kupita kiasi, kichwa kinagusa paa, behewa likaonekana kama sanduku la kiberiti. Mzee alipotoka kidogo, akakinyofoa, akakisokomeza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akapiga picha zake bila wasiwasi.

Baadaye akaketi sebuleni, mguu juu ya mguu, akamwonyesha mzee picha kwenye kamera.

"Garimoshi safi, mwanangu. Lakini mama yako yuko wapi?"

"Si huyu hapa, baba?" Mama mkwe alikuwa anaingia na trei ya chai.

"Namsema wa stesheni. Nilimchonga mwenyewe, alivyosimama siku ya kwanza nilipomwona."

"Kwa urefu alinitia chumvi," mama mkwe akasema, akicheka. "Mmenihamishia wapi, mwanangu?"

Uso ulimwaka mpiga picha. Kwa heshima, hakuwahi hata kuketi kochi moja na mama huyu. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa nyuma. Ilibidi ainuke kwanza, polepole, maana muda wote huo alikuwa amemkalia.