Mkono wa Fundi Makali

Mjomba wangu alipotimiza mwaka kaburini, wafua visu wa mtaa wetu walizima mioto yao Jumamosi mchana, wakaja karakanani kwake tumkumbuke. Walikaribia arobaini, na sidhani kama hata wanne kati yao hawakupita mikononi mwake. Wao walimwita Fundi Makali. Mimi nilimwita Mjomba, kwa kuwa mama yangu ni dada yake. Ndiye aliyenisimamisha mbele ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, nikiwa na miaka kumi na tisa, mafundi wakicheka kwamba mwanamke anajua kufua nguo, si chuma.

"Basi mleteeni mashati yenu ya chuma," aliwajibu, akanipa nyundo.

Watu walisimama mmoja mmoja wakasema yao. Fundi mmoja mwenye mvi alikumbusha jinsi Mjomba alivyokuwa akikibana kisu kibovu kwenye jiliwa, akakivunja mbele ya aliyekitengeneza, akamrudishia vipande. "Hiki kapakie siagi, hiki chokonolea meno." Wakacheka, hasa wale waliowahi kupewa vipande.

Aliyeongoza mazungumzo alikuwa binamu yangu, mwana wa pekee wa Mjomba, ambaye sasa ndiye mwenye karakana. Karibu na mlango, peke yake kwenye benchi la watu watatu, aliketi mchomeleaji vyuma, bega lake la kushoto limeshuka kama mlango uliong'oka bawaba. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyemfukuza. Bega lile nililivunja mimi.

"Sasa dada yangu aseme," binamu akasema. "Yeye ndiye aliyekuwepo siku ile."

Siku ile kila mtu aliijua, au alidhani anaijua. Ni miaka tisa sasa. Muuza nyama wa pale kona alikuwa na tabia ya kumpiga mkewe. Kaka wa yule mke alipokuja dukani kumchukua dada yake, muuza nyama alimchoma kisu tumboni, kisha shingoni, wateja wanatazama na vikapu mkononi. Kisu kilikuwa kazi ya Mjomba, kina muhuri wake. Mdogo wa marehemu ndiye huyu mchomeleaji. Alifika kaka yake bado anatapatapa sakafuni. Alimkaba muuza nyama koo chini ya ndoano za nyama mpaka watu wakamtenganisha naye kwa nguvu, kisha akakichomoa kisu shingoni mwa kaka yake, akaja nacho kwetu.

Ilikuwa saa saba mchana. Mimi nilikuwa napiga tupa, Mjomba yuko kwenye fuawe. Mchomeleaji aliingia shati limelowa damu mpaka kiunoni, akanipita kama sipo. Alimshika Mjomba kifundo cha mkono wa kulia, akakibana juu ya fuawe, akashusha kisu. Kilikuwa kizito na kikali. Vidole vitatu vilikwenda kwa mara moja, cha nne kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Mjomba aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Nilikuwa na nyundo ya kilo mbili. Nililenga kichwa. Mchomeleaji aligeuka, ikatua begani, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alianguka. Niliinua tena, na sitadanganya: nilikusudia kummaliza. Lakini kabla sijashusha, umati uliokuwa ukimfuata ulijaa ndani, wamebeba nondo na mawe, na kijana mmoja akachomoa chuma chekundu motoni kwetu. Walikuwa hawajui vizuri nani kamkosea nani. Waliona damu, ikawatosha.

Mjomba akajilaza juu ya mtu aliyemkata. Mkono ule aliukumbatia kwapani, damu ikawa inamwagika usoni mwa mchomeleaji.

"Anayempiga huyu aanze na mimi," alisema.

Nondo moja ilishuka mgongoni kwake hata hivyo. Hakuinuka. Alikaa vile mpaka polisi walipokuja.

Baada ya hapo alijifundisha kufua kwa mkono wa kushoto. Alilia kwa hasira, akaharibu vyuma visivyo na idadi, na miaka miwili baadaye alikuwa anatoa visu bora kuliko vya mwanzo. Ndiyo sababu watu walimheshimu kuliko fundi yeyote: mtu aliyekatwa mkono akamlinda aliyemkata. Wanafunzi walikuja kutoka mbali kwa ajili ya hadithi hiyo, si ya visu tu.

Nilisimulia yote hayo, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Ningeishia hapo, siku ingeisha salama. Lakini nilikuwa nimebeba kitu mwaka mzima, na kilikuwa kinanila.

"Kuna kipande hamkijui," nilisema. "Mjomba alinipa wiki ya mwisho, akiwa kitandani. Hakuniambia nikifiche."

Binamu akainua macho.

"Asubuhi ya siku ile muuza nyama alikuja hapa kunoa kisu. Mimi nilikuwa nimetumwa mkaa. Vifundo vya vidole vya yule muuza nyama vilikuwa vimechubuka. Alisema, 'Kinoe vizuri, Fundi. Leo shemeji yangu anakuja, nitamchinja.' Mjomba akacheka, kwa sababu mashemeji hutaniana. Halafu akamtazama usoni, akaona mwenzake hacheki. Akachukua kinoo. Akakinoa kile kisu kuliko alivyozoea, akakijaribu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, akamkabidhi. Aliniambia hivi: 'Nilijua, mpwa wangu. Lakini kilikuwa kisu kizuri, na nilitaka akione kilivyo kizuri.'"

Sikuona binamu akija. Niliona tu paa la bati, kisha nikahisi jino likielea mdomoni. Alikuwa amenipiga ngumi. Alinishika koo akanilaza chali juu ya fuawe, kichwa kikagonga chuma, na alikuwa analia huku akikaza vidole.

"Baba yangu amekula nini chako," alikuwa anasema. "Sema. Amekula nini chako."

Nilipapasa kando nikapata koleo, nikampiga nayo kwenye sikio. Likapasuka. Hakuachia. Mafundi wanne walimvuta, na mmoja wao akapigwa teke la kinena. Hatimaye walimkalia. Nilikaa sakafuni natema damu, na vijana waliokuwa wakimsifu Mjomba dakika kumi nyuma walinitazama kana kwamba nimemfukua.

Mchomeleaji alisimama. Watu walijipanga kati yake na sisi, mmoja akaokota nyundo.

"Nilijua," alisema.

Hakupaza sauti, ikabidi watu wanyamaze.

"Nilipomkaba yule muuaji, aliniambia. Alisema, 'Hata Fundi Makali nilimwambia, na akaninolea.' Ndiyo maana nilikuja kukata mkono. Ningetaka kumuua ningemuua, hakuna aliyekuwa na mbio za kunizuia. Nilikuja kuchukua mkono ulionoa. Na aliponilalia, nikiwa chini yake, alininong'oneza sikioni: 'Umenikata panapostahili.' Jela nzima nilikaa na maneno hayo. Sikumwambia mtu kwa sababu yeye hakumwambia mtu."

Kisha akamgeukia binamu yangu, aliyekuwa bado amekaliwa, sikio linachuruzika.

"Baba yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mno."

Akatoka. Benchi lake lilibaki tupu mpaka watu walipoanza kuondoka, wawili wawili, bila kuagana.

Jumatatu nilihamisha vyombo vyangu. Binamu alivitoa nje mwenyewe, akavipanga ukutani vizuri, hata tupa alizifuta. Hakunisalimia, na hanisalimii hadi leo. Mama anasema damu ni nzito. Mimi nimejibu kwamba hata mafuta ni mazito.

Nimepanga chumba kimoja upande wa pili wa mtaa. Wiki ya kwanza, kabla sijaweka hata kibao mlangoni, aliingia mwanamume nisiyemjua, kifungo cha shati kimeng'oka, anahema. Aliweka kisu mezani.

"Ninolee. Haraka."

"Cha nini?"

"Cha kukatia. Wewe nani hata uniulize?"

Nilimtazama usoni, nikakisukuma kisu kikamrudia. Alinitukana mama yangu. Alizunguka meza, akanishika ukosi wa nguo akanigonga ukutani, na ncha ya kile kisu butu ikanigusa chini ya jicho. Nilikuwa na nyundo mkononi, naye aliiona. Tulikaa hivyo muda mrefu, tunapumuliana usoni.

"Nyinyi wote hamfai," alisema mwishowe, akaniachia.

Nilimfuata hadi mlangoni. Alishuka na mtaa kwa hatua ndefu, kisu ubavuni, akakata kona. Sikujua anakoelekea, na sikuwa na jina la kumpa polisi, lakini nilifunga mlango nikaenda kituoni kueleza sura yake. Askari aliandika, akaniuliza ni kosa gani limetendeka. Nikamwambia bado.