Rungu la Mulei

Saa kumi na mbili kamili jioni, wachumaji wakishusha vikapu vyao kwenye kiwanda cha kahawa huko Ruiru, rungu la nyapara Mulei lilichomoka kiunoni mwake, likapita juu ya mibuni na kwenda kambini kwa vibarua kumpiga Jeconia. Mulei hakujisumbua kutazama lilikokwenda. Alijua litarudi na damu, kwa hiyo akaanza kung'oa nyasi za kulifutia.

Jeconia alikuwa marehemu tangu Juni mwaka huo wa 1955. Mulei alimuua kwa mapigo kumi na moja kwa sababu alikataa kuchuma kahawa siku ya Jumapili. Mzungu mwenye shamba aliutazama mwili, fuvu likiwa limefunguka, akaandika malaria. Tangu hapo Jeconia alirudi kila jioni, akaketi mlangoni kwa mkewe, Selpha Nekoye, akapigwa upya, yote kumi na moja. Majirani walizoea kufunika sufuria zao mapema, maana damu iliruka mbali. Kisha Selpha alimwosha kichwa kwa maji ya chumvi, na kufikia Novemba alikuwa amemwosha zaidi ya mara mia moja na hamsini.

Alimchukia Mulei kwa moyo wake wote, na sioni kwa nini asimchukie. Shida yake ni kwamba alikuwa ameokoka. Waliookoka pale kambini walikutana Jumapili alasiri, na desturi yao ilikuwa kuiweka kila dhambi nuruni, kwa sauti, hata ile ambayo haijatendwa bado. Selpha akasimama.

"Ndugu zangu, nataka kumuua Mulei. Nimeshafikiria hata nitakavyofanya."

Wakamsifu Bwana, wakaimba. Kalondu, mke wa Mulei, aliyeokoka mwaka uliotangulia, aliimba pamoja nao kwa machozi. Kisha akaenda nyumbani akamweleza mumewe yote, kwa kuwa na yeye hakutaka kuficha kitu.

Jumatatu asubuhi Mulei alimkuta Selpha peke yake kiwandani, kwenye ukingo wa tangi lililojaa maji na kahawa iliyomenywa, akiikoroga kwa ubao mrefu ili utelezi uachane na mbegu.

"Ati wewe ndio unataka kuniua?"

"Ni mimi. Nimeungama."

"Basi ungama na hii."

Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kushoto wa Selpha, mfupa ulisikika. Pigo la pili lilikosa. Mulei akateleza, rungu likamtoka, akaingia tangini kichwa mbele. Akaibuka, akazama, akaibuka tena, kinywa kimejaa mbegu.

"Nivute, mama! Nivute!"

Selpha aliuweka ubao juu ya utosi wa Mulei, akausukuma chini. Mapovu yakapanda. Aliona utamu, na alijua kabisa kwamba ni utamu. Akamkumbuka Bwana wake aliyewaombea waliompigilia misumari na kuagiza adui wapendwe, akamkasirikia na yeye pia. Kisha akauondoa ubao pale utosini, akausogeza kwenye mikono ya Mulei, akavuta kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukining'inia, akapiga kelele kwa uchungu mpaka yule mtu akatoka.

Mulei alitapika. Alipomaliza aliokota rungu lake, akampiga Selpha mara mbili mgongoni, akaamuru kahawa ya tangi lile ioshwe upya. Hakuna aliyemwondoa kazini. Mzungu aliposimuliwa aliuliza tu kama kahawa imeharibika.

Jioni rungu lilikuja kwa wakati wake, likamaliza kazi yake, likaenda. Selpha, mkono wake umefungwa kwenye kipande cha leso, alichovya kitambaa majini akaanza kumwosha mumewe.

"Nimesikia umemtoa," Jeconia alisema.

"Nimemtoa."

"Mimi ningependa umwache humo."

"Hata mimi, baba watoto. Ningependa sana."

Jeconia alijipangusa uso. Damu ilikuwa imemwingia jicho moja.

"Sasa mbona ulimtoa?"

Selpha alianza kulia, na hakikuwa kilio cha huruma. Ilikuwa hasira tupu.

"Niliambiwa," alisema. "Geuza kichwa, upande huu bado unavuja."