Nilivyowapa Utitiri Mji

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa chini ya jani la mwasumini wangu, nami nikaenda, kwa sababu aliyeniita alipiga hodi kwa adabu.

Mwasumini wenyewe uko kwenye debe, dirishani, hapa Tanga. Aliupanda marehemu mume wangu, Mzee Kombo, mwezi tuliooana. Sasa majani yana vidoadoa vya njano na utando. Nikadhani ni jicho la watu, nikaufukiza ubani siku saba. Jana mkwe wangu Zuwena akasema, "Mama, kesho nautupa, utaniambukizia mawaridi."

Basi naingia chini ya jani. Ni ukumbi mkubwa, umetandikwa utando mweupe. Utitiri wamekaa, wekundu, wadogo kuliko punje ya chumvi, lakini nawaona hadi kope.

"Karibu, Bibi," anasema mkubwa wao. "Ahsante kwa ule ubani. Hewa ilikauka vizuri, tukazaa sana."

"Haya. Lakini mwasumini wangu unakufa."

"Sisi huhama tukipewa mji tu. Kitendawili!"

"Tega."

"Dari langu ndilo chakula changu."

Debe linaninong'oneza, "Bibi, hilo si unalijua?"

Nalijua. Ni jani. Tangu darasa la pili sijashindwa kitendawili, na Mzee Kombo alinipa miji yote ya nchi hii, mingine mara mbili. Lakini nikijibu, hawa wanabaki.

"Nimeshindwa," nikasema. Iliniuma kama jino.

"Tupe mji!"

"Nawapa Lushoto."

Mkubwa wao akajikunyata.

"Bibi, kule si kuna baridi na mvua?"

"Sana. Vaeni masweta."

Mara tuko stendi. Utitiri wamepanga foleni, na mkata tiketi ni Mzee Kombo, kalamu sikioni. Anawaandikia mmoja mmoja, hana haraka.

"Leo umeshindwa, mke wangu?"

"Leo tu."

Akacheka mpaka basi likaondoka.

Nilipoamka, Zuwena alikuwa dirishani, anageuza majani. "Mama, huku chini nani kapasafisha? Hata mdudu mmoja hayupo!" Kisha akanyanyua kidole. "Na hiki kilichoninata ni nini?"

Kilikuwa kikaratasi, kidogo kuliko ufuta. Nikavaa miwani, na juu yake ya Zuwena. Kimeandikwa *Lushoto, kwenda tu*, kwa mwandiko wa Mzee Kombo, ule unaolalia kushoto.

"Ahsante, mume wangu," nikasema, nikaenda kuchota maji ya kumwagilia.