Pumzi Iliyovuka Rusizi

Mzee Vénuste hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto, hakuwa na redio, hakuwa na randa iliyonyooka, hakuwa na nyumba yake ya Bukavu ingawa aliiona ng'ambo ya maji kila asubuhi akipiga mswaki, na hakuwa na mwanawe Gisa. Usiku mwingine hakuwa na pumzi pia.

Alikuwa seremala wa milango mjini Kamembe, upande wa Rwanda. Milango yake ilikuwa mizuri, lakini kila mmoja aliuachia upenyo chini wa kuingiza vidole viwili. Wateja walinung'unika.

"Mzee, huu mulango ni ya bantu ao ya panya?" mwanamke mmoja alimwuliza.

"Ya bantu, Maman. Panya banapita tu."

Zamani hakuacha upenyo. Alipokuwa Bukavu, upande wa Kongo, alikozaliwa, alisifiwa kwa milango iliyoziba kama kizibo cha chupa. Ule wa stoo ya nyumba yake aliutengeneza kwa mbao za libuyu, na ukiufunga, hata harufu ya samaki wakavu haikutoka. Vita vilipofika, yeye na mkewe Mukabera walikuwa wamevuka kuja Kamembe kwenye msiba, Gisa akabaki nyumbani, na daraja likafungwa nyuma yao. Watu wenye silaha wakaanza kutafuta familia zenye asili ya Rwanda. Jirani yao Mulume, mwimbaji wa kwaya, alimficha Gisa katika stoo ile na kufunga kwa ufunguo. Hilo lilikuwa jambo jema. Wenye silaha waliondoka mtaani siku ileile. Mulume akatazama nyumba, akaona ni kubwa, akaona ufunguo uko mkononi mwake, na hakuna aliyekuwa anamwuliza kitu. Akakaa. Mlango ulifanya kazi yake vizuri.

Baadaye Mulume alituma habari kwamba kijana alikufa kwa malaria. Jirani mwingine, aliyesaidia kuzika, alisema kucha za Gisa zilikuwa zimejaa unga wa libuyu.

Tangu hapo pumzi ya Vénuste ilianza kusafiri. Ilitoka akishalala, ikateremka mpaka kwenye barieri, kizuizi cha mpakani, ikavuka daraja la Rusizi, ikapanda mlima hadi nyumbani kwake. Iliingia kwa tundu la ufunguo, kwa sababu milango ile haikuwa na nafasi nyingine, ikamkalia Mulume kifuani. Ilipochoka ilirudi. Mukabera alizoea kumsikia mumewe akikoroma, akinyamaza kimya kabisa, kisha akishtuka kama mtu aliyetolewa majini.

"Ulifika?" alimwuliza asubuhi akimpa uji.

"Nilifika."

Uthibitisho uliletwa na Shadia, mama wa Kamembe aliyevusha nyanya kila siku. Soko lake lilikuwa karibu na nyumba ile.

"Mulume wenu leo ana macho mekundu kuliko nyanya zangu," alisema. "Anasema ni malaria."

"Na nyumba?"

"Ameipaka rangi ya bluu."

Siku moja Vénuste alisinzia akiwa na msumeno mkononi, akajikata kidole gumba. Dokta Cyusa, aliyekuwa amekuja kuagiza mlango, alimshona palepale kwenye meza ya useremala na kumwuliza habari za usingizi wake. Dokta huyo alisomea Ubelgiji, akarudi na mashine ndogo kama kopo la sabuni, yenye mpira wa kuweka puani na kibanio cha kidole. Vénuste alilala nayo nyumbani kwake siku tatu, nayo ikahesabu kila mara pumzi ilipokatika.

Asubuhi ya kwanza Dokta Cyusa alisoma mashine, akacheka.

"Mzee, unalala kama mutoto wa jana!"

Asubuhi ya pili hakucheka. Pumzi ilikuwa imekatika karibu usiku kucha. Asubuhi ya tatu ilikuwa imekatika kidogo tu. Vénuste alidhani mashine imeharibika, akaomba radhi, maana huenda ni vumbi la mbao.

"Haijaharibika," alisema dokta. "Masiku haifanane. Benye kupima usiku moja tu banajidanganya. Usiku ya pili ulilala chali? Ulikunywa pombe?"

"Usiku ya kwanza masasi ililia ng'ambo, barieri ikafungwa mapema. Ya pili ilikuwa wazi."

Dokta Cyusa alikuwa ameandika "chali" na "pombe". Chini yake akaandika "barieri".

"Na usiku ya tatu?"

"Ilikuwa wazi, lakini Mulume alienda kulala kwenye harusi Uvira. Nilimungoja kidogo, nikarudia nyumbani."

Dokta akaandika na hilo. Kisha akafunga kalamu yake na kusema kwamba moyo wa Vénuste ulikuwa unachoka, na kwamba ukiendelea hivyo utasimama. Kulikuwa na dawa: barakoa ya kuvaa usiku, inayosukuma hewa na kuishika pumzi ndani ya mwenyewe.

"Itazuia yangu kutoka?"

"Ndiyo kazi yake, Mzee."

"Basi, umupe muntu mwingine."

Mukabera alingoja dokta aondoke.

"Papa Gisa, mutoto walimuzika sikumuona. Wewe unataka nikuzike nikikuona?"

"Nataka Mulume ajue."

"Anajua. Ni yeye njo alishika ufunguo."

"Anajua kwa kichwa," alisema Vénuste. "Nataka ajue kwa kifua."

Uji wa kesho yake ulikuwa hauna sukari.

Mwezi uliofuata wakubwa wa pande zote mbili walikubaliana barieri ifungwe kila siku kabla ya jua kuzama. Pumzi iliteremka kama kawaida, ikakuta mnyororo, na askari akaiambia irudi kesho mchana na lesipase, karatasi ya kuvukia. Mchana Vénuste alikuwa akiitumia kwa kazi. Ikabaki nyumbani. Dokta Cyusa alikuja kupima tena, na sasa masiku yote yalifanana, yote mazuri, akafurahi sana. Mashavu ya Vénuste yalijaa. Mukabera alirudisha sukari, hata akaongeza.

Jioni moja Shadia alipita na beseni tupu.

"Mulume naye amenenepa," alisema. "Malaria imeisha. Jumapili aliimba peke yake, kanisa zima likapiga makofi. Stoo ameivunja mlango, ameweka pazia. Anasema ule mlango ulikuwa unazuia hewa."

Vénuste aliweka kijiko chini. Hakumaliza chakula.

Asubuhi alinunua bahasha dukani, ile yenye mistari myekundu na ya bluu pembeni. Hakununua karatasi. Alikaa kwenye meza yake ya kazi, akaifungua bahasha, akaiweka mdomoni na kupuliza. Alipuliza mpaka macho yakaingia giza. Alipoinua kichwa, Mukabera alikuwa amesimama mlangoni na jerikani ya maji, akimtazama. Vénuste alingoja anyang'anywe.

Mukabera alitua jerikani chini.

"Ulipuliza ngapi?"

"Zote nilikuwa nazo."

"Ni kidogo," alisema. "Lete. Mimi njo nilimuzaa."

Alipuliza kwa muda mrefu kuliko mumewe. Bahasha ikavimba, ikatulia. Akaulamba ulimi wa gundi, akaufunga, akaukandamiza kwa kiganja. Vénuste akapitisha kidole chake kizima kwenye kingo zote, polepole, kama alivyofanya zamani, akahakikisha haina upenyo. Juu yake akaandika jina la Mulume. Mukabera akamwambia la kuongeza, naye akaliandika kwa herufi kubwa za penseli ya seremala: FUNGUA NDANI, MLANGO UKIWA UMEFUNGWA.

Shadia aliipokea bila kuuliza na kuiweka chini ya nyanya. Ilikuwa nzito, ikamfanya aegemeze beseni upande mmoja. Kwenye daraja mtu wa forodha aliichomoa, akaipima mkononi.

"Maman, humu muko nini?"

"Pumzi ya wazazi wa Gisa."

Yule mtu alitafuta kwenye kichwa chake bei ya ushuru wake, hakuipata.

"Pumzi hailipiwi," alisema, akairudisha chini ya nyanya na kuipangia vizuri isikunjike. "Pita."

Ng'ambo, madirisha ya nyumba ya bluu yalikuwa wazi yote, na kutoka ndani mtu alikuwa akijifunza wimbo wa Jumapili. Shadia akarekebisha beseni kichwani, akavuka.