Tyubu Nane

Siku tisa kabla ya harusi yangu, uso uliwaka. Nasema uliwaka kwa kuwa sina neno jingine: mashavu yalivimba, yakawa mekundu, yakawasha kama yaliyopakwa pilipili, na vipele vikazunguka mdomo. Nami nilikuwa nimewekwa ndani, jua silioni, na kila aliyekuja akinisifu kwamba nimetakata.

Sifa zote zilikuwa za singo, ule mchanganyiko wa manukato anaosuguliwa bibi harusi ngozi ing'are. Somo yangu, Bi Kazija, aliyenifunda mambo ya unyumba, alinisinga kila jioni kwa miezi mitatu, maana mama alitaka tuanze mapema. Wiki ile somo alifiwa, akaenda Jambiani, nikakaa siku sita bila ya kusingwa. Ya saba nikaamka na uso huo.

Nilijitupia buibui, nikapenya vichochoroni peke yangu mpaka hospitali. Daktari Mansoor alinijua. Mwaka uliotangulia, wa sitini na nane, alinipa mafuta ya ukurutu wa viwiko akanionya: nipake kidogo, wiki mbili basi, na usoni nisithubutu. Alinitazama kwanza, kisha akatazama kadi yangu.

"Tyubu nane zimetoka kwa jina lako," akasema. "Umezipaka wapi? Uso ukiizoea dawa hii, kisha ukaikosa ghafla, huwaka hivi."

Viwiko vyangu vilipona kwa tyubu ya kwanza. Na aliyekuwa akinichukulia dawa siku zote ni mama.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikamtajia idadi, basi. Hakukana. Alisema mama mkwe wangu aliwahi kuuliza mbona bibi harusi mweusi, naye alikwisha kuona dawa ile ilivyoning'arisha viwiko, ndipo akamwambia Bi Kazija aichanganye kwenye singo.

"Nlitaka wakupende, mwanangu."

"Na wewe, mama, ulikuwa hunipendi?"

Akaendelea kuchagua mchele. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Mimi changu ndicho kilichonizaa. Nilimchukia, sifichi.

Harusi ilisogezwa hadi baada ya Ramadhani. Mume wangu hakupata kuujali weusi wangu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nilipojifungua binti yangu, Wanu, mama alikuja asubuhi na mapema, na manjano na mafuta ya nazi, kumwosha mjukuu kama ilivyo desturi yetu. Nilimwamkia, nikamkaribisha, nikamtilia chai. Mtoto nikamwosha mwenyewe.