Kipande cha Chapati Siku ya Upatanisho

...na kipande kimeshaingia mdomoni, Duncan wee, hakitoki wala hakishuki, na Wilbard kakaa ukingoni mwa kitanda anamwangalia kama nesi wa wadi, "Kula bwana, tangu jana hujatia kitu tumboni, unataka tukurudishe kwenu ndani ya sanduku?", na angemjibu nini, angesema leo ni Siku ya Upatanisho, kwao Nyandarua lile kundi dogo la Wayahudi lote limefunga tangu jua lilipozama jana, na yeye mmoja wao, angesema hivyo katika chumba cha walinzi wanane hapa Karama, ughaibuni, ilhali miaka mitatu amewaambia yeye ni Msabato, wakamwamini, Wilbard mwenyewe akamshikia zamu za Jumamosi, akachomwa na jua getini kwa ajili ya uongo wake... kaulizwa tu "unaumwa nini?", akapokea chapati, akauma, ili asiulizwe tena, aibu gani hii, mtu mzima anaukana mfungo wa babake kwa chapati, na chapati yenyewe tamu, Mungu wangu, hata hilo, tamu!... ngumi ikapanda yenyewe kifuani, kama kwenye sala ya toba ya siku hii, tumekosa, pu, tumesaliti, pu, tumedanganya, pu, kwa nguvu hadi Wilbard akashtuka, "We vipi, moyo?", Duncan akatikisa kichwa, Wilbard hakuondoka, viatu vya kazi bado miguuni, kachoka hoi lakini yupo, "Sawa, nipo hapa", na baba naye akamjia akilini, baba katika kile chumba cha mabati cha ibada, alivyomdaka mkono utotoni, siku ile alipokuwa akijitwanga kifua kwa sababu alimpiga dadake, "Polepole, Duncan, unabisha hodi, huvunji mlango, aliye ndani tayari ameumia"... ameumia, ndiyo, miaka mitatu ya kujificha, nani amewahi kumwambia pole huyo wa ndani, na mbona sala yenyewe haisemi nimekosa, inasema tumekosa, kwamba hata leo, na chapati mdomoni, hajatolewa kwenye mstari wa wanaosali, kule kwao wanajigonga vifua na yeye yumo... ukibisha usikimbie, baba alisema, subiri, basi akasubiri, aibu ipo, kipande kipo, Wilbard yupo, ngumi ikafunguka, vidole viwili tu sasa, taratibu, hodi, hodi, na kutoka ndani, kwa sauti yake mwenyewe ambayo hakuisikia siku nyingi, karibu.