Ngozi ya Gari

Wanaosema shemeji ni ndugu ni wale ambao hawajawahi kumwachia shemeji kitu. Mimi nimemwachia, na nitaeleza kilichonipata bila kumung'unya maneno.

Jina langu ni Tluway, mtu wa Mbulumbulu, fundi wa magari. Ujana wangu niliumalizia Oldeani, kwenye karakana ya shamba moja la kahawa. Mwenye shamba alipoondoka, mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, aliacha nyuma ya banda la kukaushia kahawa Landrova kuukuu ya jeshi, ya enzi za Mwingereza. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva na nyasi zilikuwa zimetokeza sakafuni. Waliobaki kulisimamia shamba waliniuliza takataka ile naitakia nini. Niliwapa dume langu la kulimia, wakanipa gari na kadi yake, bado ina jina la mwenye shamba, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Wacha wacheke. Mimi nilikuwa nimelipenda, na sina namna nyingine ya kusema. Magari ya siku hizi yamejaa mapambo, ukitaka kufungua kitu kimoja sharti ung'oe vinne. Lile lilitengenezwa na watu waliojua kwamba litaharibika porini, mvua inanyesha, na aliye nalo ana spana mbili tu. Kila nati ilifikika. Uso wake ulikuwa bapa, taa zimekaa karibu karibu, na halikujua kudeka.

Nililikokota kwa maksai hadi nyumbani, na kulifufua kulichukua miaka. Bati lake ni alumini, kwa hiyo halikuwa limeoza, ila chesisi ilikuwa imeliwa na kutu huku nyuma, ikabidi niikate na kuichomelea chuma kingine. Ubavu wa kushoto ulikuwa na tundu la kuingiza kichwa. Nililiziba kwa kipande cha trei ya kahawa, nikakipiga ribiti moja moja. Gasketi nilikata kwa kadibodi. Ringi za pistoni nilizisubiri kiangazi kizima, mpaka dereva mmoja wa lori akaziokota Arusha. Rangi ilinisumbua kuliko vyote, maana rangi ya jeshi haing'ai, na iliyopatikana ilikuwa ya trekta, inang'aa kama meno ya dhahabu. Niliichanganya na masizi ya chungu hadi ikafa mng'ao. Mke wangu alinisuta kwa ajili ya vile vyungu, lakini rangi ilikaa.

Dada yangu Germana ndiye aliyeshona turubai, kwa sindano ya magunia, vidole vikamtoka damu. Mumewe, Yohani, alikuja jioni mara kadhaa kunishikia taa. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mlimaji wa maharage, na alipenda kuuliza. Hiki ni nini? Hiki kinafanya kazi gani? Nikamjibu yote, kwa sababu mtu anayeuliza kuhusu kitu unachokipenda humnyimi jibu.

Siku injini ilipoitika nililia, na sioni haya. Tangu hapo gari lile lilibeba wagonjwa na mahindi, lilivuta malori kwenye tope. Nilimbeba Nalotuesha, mke wa rafiki yangu Lomayani, Mmasai wa Nainokanoka, uchungu umemshika, ukungu umefunika barabara yote, na mtoto akazaliwa salama hospitalini. Lomayani aliijua sauti ya gari lile kama anavyozijua kengele za ng'ombe wake.

Kisha vita ya Kagera ikaja. Nikaitwa pamoja na mgambo wenzangu, na kwa kuwa ni fundi, nikajua sitarudi haraka.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kwetu Wairaqw. Mtu mwenye ng'ombe hawafugi wote nyumbani kwake. Mmoja humpeleka kwa huyu, mwingine kwa yule. Mlezi hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Na jambo hili ni la siri: mlezi hasemi ng'ombe ni wa nani, mwenyewe hasemi amemweka wapi. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mlezi huleta ngozi, mwenyewe huipokea, humwambia pole, na maswali huishia hapo. Kuuliza zaidi ni kumwita mwenzako mwizi. Nimezaliwa nimeikuta desturi hii, na babu yangu alikufa bila kudhulumiwa hata ndama.

Basi nikalipeleka gari kwa Yohani, Karatu, kama mtu anayepeleka ng'ombe.

"Shemeji," nilimwambia, "unywe maziwa. Beba mizigo yako, beba wagonjwa, upate chochote. Nikirudi nitalichukua."

"Shemeji, hilo gari litalala ndani kuliko mimi," alinijibu. "Nenda salama."

Nikampa ufunguo na kadi. Germana alitoka na kibuyu, akamimina maziwa juu ya boneti, kama tunavyombariki ng'ombe anayehama zizi, huku akitabasamu kwa sababu sote tuliona kichekesho chake. Tulikuwa watu watatu uani. Nikaenda vitani na moyo mweupe.

Nilirudi baada ya vita kwisha na jeshi kutuweka kule muda mrefu zaidi. Sikuwa nimekaa nyumbani wiki nzima, Yohani akaja. Alikuwa amebeba usukani na kipande cha turubai kilichoungua pembeni. Aliviweka miguuni pangu, akainamisha kichwa.

"Shemeji, limekufa," alisema. "Kwenye mteremko wa Kreta ya Ngorongoro. Breki zilikataa, likaingia korongoni, likawaka moto. Mungu alinitoa mlangoni. Nimekuletea ngozi."

Nilipokea. Nikamwambia pole. Nikamshukuru Mungu kwamba dada yangu hakuwa mjane, na nilimaanisha kila neno. Sikuuliza korongo lipi, sikwenda kutazama mabaki. Ningekuwa mtu wa mahali pengine ningeuliza. Mimi niliingia ndani nikauweka ule usukani juu ya meza, na mke wangu akanipikia uji kama mtu aliyefiwa.

Nilipomtembelea Yohani nikakuta nyumba ina bati jipya na kando yake pana mashine ya kusaga. Aliniambia maharage yamemtendea wema. Nilifurahi. Na mashine ilipokuwa ikikohoa nilivua shati, nikaisafisha pampu yake ya dizeli mwenyewe, bure, Germana akiniletea chai na kuiweka chini huku akitazama pembeni. Nilidhani amechoka. Hebu nifikirie mimi, nimelala kifudifudi, naponya kilichonunuliwa kwa gari langu.

Kiangazi kilichofuata nilipanda Nainokanoka na gunia la mahindi, ili Lomayani anipatie mtamba. Tulisalimiana, tukakaa, akaniuliza habari za vita. Kisha akasema, "Lakini Tluway, umekuwa na dharau. Gari yako inanipita kila siku, haisimami."

"Gari langu lilikufa, rafiki yangu."

"Basi maiti yake inapiga honi," alisema Lomayani. "Iko kwa Bwana Fisi, huko ukingoni. Twende uione."

Bwana Fisi lilikuwa jina la Mdachi mmoja aliyekuwa akichunguza fisi wa Kreta. Tulimkuta nje ya nyumba yake ya mbao. Na gari langu lilikuwa pale, limeoshwa, usukani mwingine, turubai lingine, lakini rangi yangu ya masizi na trei yangu ya kahawa ubavuni, ribiti kwa ribiti.

Bwana Fisi aliona ninavyolitazama, akafurahi. Alikuwa mtu mwema, ndiyo taabu yenyewe. Alikijua Kiswahili vizuri.

"Unapenda gari za zamani?" aliniuliza. "Hii ni ya jeshi. Kwetu watu wanazitafuta, hawazipati. Lakini mimi sikuinunua kwa sababu ya uzee wake tu. Aliyeifufua ni mtu wa ajabu, Yohani wa Karatu. Aliikuta kuku wanatagia kwenye kiti. Alichanganya rangi na masizi ili isiwake. Hiki kipande unachokiona ni trei ya kahawa."

Alieleza yote. Dume la kulimia, kadibodi, kiangazi cha kusubiri ringi. Nilikuwa nasikia maisha yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na hayana mimi ndani. Gari ni chuma, chuma kinauzwa. Lakini Yohani alikuwa ameuza hata machozi yangu, maana Bwana Fisi alinieleza jinsi Yohani alivyolia injini ilipoitika.

"Alifanya peke yake?" nilimuuliza.

"Karibu peke yake," alisema. "Kuna shemeji yake alikuwa anamshikia taa."

Lomayani alinishika mkono. Nilimwambia Bwana Fisi kwamba gari ni langu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mlevi mpole, akasema gari alinunua kwa haki, na kama nina shauri na Yohani niende nalo kwa wazee wangu. Wazee wakisema ni langu, atalirudisha yeye mwenyewe mpaka Mbulumbulu. Nilimwamini, na hata leo naamini angelirudisha.

Nikaenda kwa wazee. Tulikaa kilimani, majani makavu, upepo mwingi, na Yohani alikuja na kofia yake mkononi. Alipopewa nafasi alisema kwa sauti ya upole kwamba gari alilinunua yeye Oldeani, kwamba mimi nilimsaidia kidogo kwa ufundi, kwamba ule usukani aliniletea uwe ukumbusho kwa kuwa nililipenda. "Shemeji yangu amerudi vitani na mawazo," alisema. "Tusimlaumu."

Nilisimama kumrukia, vijana wakanikalisha. Mzee Patrisi, aliyekuwa akiongoza, alisubiri nitulie.

"Tluway," alisema, "wa Mbulumbulu tunajua ulikuwa na gari. Wa Karatu wanajua Yohani alikuwa na gari, na waliouza kule Oldeani wametawanyika. Kama ulimkabidhi alee, ulifanya kama desturi inavyotaka, kwa siri. Nani alikuwapo?"

"Tulikuwa watatu," nilisema. "Mimi, yeye, na Germana. Muulizeni Germana. Alimimina maziwa."

Nilijisikia mwepesi nilipolitaja jina lake. Tulizaliwa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni mama alipokwenda shamba. Damu ni nzito kuliko maji, na Yohani alikuwa maji tu. Nilimwona Yohani akikunja kofia yake, nikajua anaogopa, nikafurahi.

Germana aliitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashine, unga umemjaa nyusi na mikono, wanawe wawili wakimfuata na sare mpya za shule. Alisimama mbali kidogo na mumewe na mbali kidogo na mimi.

"Mwanangu," alisema mzee Patrisi, "kaka yako anasema alileta gari kwako lilelewe, na wewe ukalibariki kwa maziwa. Ni kweli?"

Germana alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa macho yale, maana hayakuwa na aibu. Yalikuwa yananiomba. Alimgusa mtoto wake mdogo kichwani, akamwachia alama ya unga.

"Sikuona gari likiletwa," alisema. "Gari lilikuwa la mume wangu tangu mwanzo. Kaka alikuwa anamshikia taa."

Maneno yale yale ya Mdachi. Yaani yalikuwa yametungwa jikoni kwa Germana, na yeye aliyakariri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini mimi hiki nilikuwa nimekibeba mgongoni.

Wazee walisema hawaoni shahidi, tupeane mikono. Yohani alinyoosha wake, nikaupita. Nilimwendea Germana.

"Ungeniambia tu," nilimwambia. "Ningekuachia gari. Ningekuachia lote."

"Najua, kaka," alisema.

Mama yetu alifariki masika yaliyofuata. Makaburini Germana alisimama upande ule na mimi upande huu. Watu walimpisha kwanza, kwa kuwa jeneza na unga wa matanga vilikuwa vya mumewe. Alitupa udongo wake, akaliita jina la mama mara moja, kisha akainua uso kuniita. Nilichukua sepetu nikaanza kufukia.